Sanduku la Joto na Mkono wa Sista Mejumaa

Wanangu, mwezi uliopita niliitwa kwenye chuo kimoja cha ufundi huku kwetu Kwale, nizungumze na wanafunzi wanaosomea umeme na vyombo. Nilivaa kanzu ya sikukuu, nikapewa kiti cha mbele na chupa ya maji, nikasimulia miaka yangu thelathini na miwili ya kufungua mashine za watu na kuzifunga tena. Niliwachekesha. Niliwaambia jinsi nilivyorushwa na umeme nikaangukia sinia la biriani hotelini, na wakacheka mpaka mwalimu wao akafuta machozi. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Mzee, fundi bora anajulikana kwa nini?" Nikajibu bila kufikiri, "Kwa ukweli." Makofi yakalia. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa haya.

Nilirudi nyumbani Ukunda, mke wangu akaniuliza mambo yalikuwaje, nikamwambia yalikwenda vizuri, nikaingia chumbani kujilaza mchana kweupe. Sikupata usingizi. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kuwaambia siku ile, badala ya hadithi ya biriani.

Mimi naitwa Hamisi, lakini kuanzia Diani mpaka Shimoni watu waliniita Fundi tu, kana kwamba hakuna mwingine. Jina hilo nililipenda kupita kiasi. Kazi yangu ilikuwa vyombo vidogo vya umeme: mizani, mashine za zahanati, vipaza sauti vya hoteli, vipimo vya maji ya mabwawa ya kuogelea. Karakana yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la saruji, na vumbi la saruji tulilivuta bure.

Aliyenifundisha ni Bwana Mutua, Mkamba aliyekuja pwani kwa kazi ya wiki mbili akakaa mpaka mvi zikamjaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na chai yake ilikuwa lazima iwe na tangawizi ya kutosha kumliza mtu mzima. Siku ya kwanza aliponifundisha amplifaya yenye ncha mbili za kutokea, hakuchora kitu. Alichukua rula ya mbao, akailaza juu ya kopo dogo la dawa ya kulehemu, chini ya rafu ya vifaa. Rula ikakaa sawa, kila upande umening'inia hewani.

"Hizi ni ncha mbili," akasema. "Moja ikipanda, nyingine inashuka. Haziendi pamoja hata siku moja." Akabonyeza upande wa kushoto, wa kulia ukainuka. "Mashine haisomi ncha moja. Inasoma tofauti kati ya hizi mbili. Nguvu ninayobonyeza nayo ndiyo ukuzaji. Lakini niambie, Hamisi, hili kopo ni nini?"

Nikamwambia sijui.

"Hili ni volteji ya katikati. Hapo ndipo ncha zote mbili zinaanzia safari. Ukilisahau kopo, umesahau kila kitu." Akaliondoa lile kopo, akaweka kopo refu la maziwa ya unga, akalaza rula juu yake. Akabonyeza upande mmoja kidogo tu. Ule mwingine ukainuka ukagonga rafu, ta!, ukakwama pale. "Umeona? Sikuongeza nguvu. Nimeinua katikati tu. Ncha ya chini bado inashuka kwa uhuru wake, ya juu imegonga dari. Tofauti inayosomwa sasa si ya kweli."

Nilielewa. Nataka mjue kwamba nilielewa siku ile ile, na nikamweleza mwenyewe kwa maneno yangu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Siwezi kujitetea kwa ujinga.

Ukuzaji ulinipa tabu zaidi, na hapa niliaibika kwa namna ya kuchekesha, ile aibu ambayo mtu anaweza kuisimulia. Kanuni yake ni nyepesi. Rizista ni kijipande kinachobana umeme. Ile inayorudisha umeme kutoka mwisho kwenda mwanzo, igawanye kwa rizista ya mlangoni. Ikiwa ya kurudisha ni elfu kumi na ya mlangoni ni elfu moja, kinachoingia kitatoka mara kumi. Lakini ziko jozi mbili, jozi kwa kila upande, na lazima zilingane. Kelele inayoingia kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja hufutwa kwa sababu pande mbili zimelingana. Zikipishana, kelele hupita.

Basi hoteli moja ya Diani ilikuwa na harusi ya watu wa Nairobi, na mimi nilikuwa nimetengeneza amplifaya yao ya maikrofoni. Rizista moja ilikuwa imeungua, nikaweka niliyokuwa nayo mfukoni, iliyokaribia. Karibu si sawa. Spika zikaanza kunguruma kama trekta la shamba la miwa. Nikaona dawa ni kuongeza ukuzaji ili sauti ya watu iishinde ile ngurumo. Nikabadilisha rizista za kurudisha, nikaweka kubwa. Sauti ya watu ikakua, na ngurumo nayo ikakua.

Kijana msimamizi wa sherehe akanijia anatoka jasho ndani ya suti. "Buda, hii kitu yako inanguruma aje? Wageni wanauliza kama kuna generator imewekwa kwa ukumbi!"

Nikampigia Bwana Mutua simu. Alikuja na mita yake na bahasha ya rizista, akakaa sakafuni nyuma ya jukwaa akizipima moja moja, akizipanga mbili mbili mpaka akapata jozi zilizolingana kabisa. Akalehemu. Ngurumo ikakata. Aliponikabidhi mita alisema, "Ukikuza takataka, Hamisi, unapata takataka kubwa." Nililala na maneno hayo wiki nzima, na watu wa karakana wakanipa jina la Trekta kwa mwaka mmoja.

Kwa hivyo chagueni rizista zenu kwa mita, msizichague kwa mistari yake ya rangi peke yake. Na mkishamaliza kazi yoyote, pimeni mara tatu: pimeni chini, pimeni kati, pimeni juu. Bwana Mutua hakunifunza kitu kwa ukali kama hicho. Mashine inaweza kusema kweli namba zikiwa chini, ikadanganya zikiwa juu. Alikuwa na mazoea ya kuuliza, kila ninapomwambia nimemaliza, "Umepima wapi?" Hakuuliza kama nimepima. Aliuliza wapi.

Kisha akazeeka, akarudi kwao Ukambani, na karakana akaniachia mimi. Hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza swali lile.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Kulikuwa na kituo cha afya cha mtu binafsi, kidogo, wodi moja ya uzazi yenye vitanda sita. Kimeshafungwa, na jina lake nitaliacha huko huko. Walikuwa na sanduku moja la joto la kulelea watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mnayajua masanduku haya: kioo juu, feni na waya wa joto chini, na kipimo ndani kinachoiambia mashine hewa ina joto gani ili iwashe ama izime. Lilikuwa limeharibika, likisoma namba za ajabu, na niliitwa asubuhi ya Ijumaa.

Nililifungua. Kilichokuwa kimelila ni kile kinachokula kila kitu huku kwetu: hewa ya chumvi. Ukifungua mashine iliyokaa mwaka mmoja karibu na bahari utaona kutu ya kijani imetambaa juu ya njia za shaba. Dawa yake ni spiriti na mswaki laini, na ukimaliza upake vanishi. Amplifaya ya kipimo ilikuwa imekufa. Nilikuwa nayo mpya, nikaibadilisha. Lakini njia nyembamba ya shaba iliyokuwa ikipeleka volteji ya katikati kwenye pini yake ilikuwa imeliwa yote, imebaki alama tu kwenye ubao.

Kuirudisha ilitaka kazi ya kama saa moja: kutafuta mahali volteji hiyo inapotoka, kuvuta waya mwembamba, kuulehemu bila kugusa pini za jirani. Nikatazama saa. Ilikuwa inakaribia swala ya Ijumaa. Nikajua kwamba amplifaya za aina ile, pini ya katikati isipopewa kitu, hujitafutia katikati yake yenyewe, nusu ya umeme wake. Umeme wake ulikuwa volti tano, kwa hivyo ingekaa mbili na nusu. Chipu ya kuhesabu iliyofuata ilikuwa ya volti tatu tu, na ilitaka katikati ya moja na nusu. Nilijua. Nikajiambia mbili na nusu bado iko chini ya tatu, itatosha, na swala haingoji. Nilimtwisha Mwenyezi Mungu uvivu wangu.

Nikaliwasha sanduku. Kwenye ukuta wa wodi palikuwa na kipimajoto kinasoma thelathini na moja, maana huku kwetu chumba tu ni thelathini na moja. Sanduku nalo likasema thelathini na moja. Nikaweka mita kati ya ncha mbili, tofauti ikawa sawasawa na ilivyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Nikatia sahihi, nikaenda kusali. Fundi wa bara, mwenye chumba cha baridi, angelazimika kuliwasha lipate joto ndipo aone kitu. Mimi nililipima kwa hewa ya Ukunda, nikaita hiyo ni kazi.

Siku tatu baadaye akazaliwa mtoto wa kike mdogo sana, mama yake ametoka pande za Kinango, na wakamlaza ndani ya sanduku wakaliweka thelathini na tano.

Muuguzi wa wodi alikuwa Sista Mejumaa, mwanamke wa makamo, Mdigo wa Mkongani. Alikuwa na tabia ya kuweka mgongo wa mkono wake kwenye kifua cha kila kichanga kabla ya kuchukua kipimajoto, na mara nyingi alitaja namba kabla kipimajoto hakijalia. Wenzake walikuwa wakimfanyia utani kwamba akizikwa, mkono ubakishwe wodini. Niliitwa siku ya pili kwa sababu alikuwa analalamika.

"Fundi, huyu mtoto anaungua," akaniambia. "Na hewa ya humu ndani ni kali. Weka mkono uone."

Sikuweka mkono. Nilitazama kioo cha namba. "Sista, mashine inasema thelathini na tano. Ndivyo mlivyoiweka."

"Mtoto nimempima, thelathini na nane na nusu."

"Basi mtoto ana homa yake. Homa haitoki kwenye sanduku."

"Nakwambia hewa ndiyo kali. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, mkono wangu naujua."

Na mimi, mbele ya msimamizi wa kituo na wauguzi wawili, na mama wa mtoto ameketi pale kitandani, nikacheka. Nikasema, "Mkono hudanganya, Sista. Umetoka kunawa maji ya baridi, kila kitu utakiona moto. Mashine haina maji ya baridi."

Wakacheka nao. Msimamizi akaamuru mtoto aanzishiwe dawa ya maambukizi na asitolewe sandukuni. Sista Mejumaa hakucheka. Aliutazama mkono wake, akaukausha kwenye aproni ijapokuwa ulikuwa mkavu.

Tulipoondoka, akamtoa mtoto. Alimvua, akamlaza kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa leso mbili, akakaa nao. Joto la mtoto likashuka lenyewe, akanyonya, akalala. Mtoto yule alipona, alhamdulillahi. Msimamizi alipokuta sanduku tupu alipandwa na hasira, na kesho yake kukawa na kikao.

Kwenye kikao waliniita kama shahidi. Nilikaa karibu na dirisha. Msimamizi akauliza kama sanduku lilikuwa na kasoro. Kabla sijajibu, Sista Mejumaa akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Fundi, nakuomba useme kweli. Ulilipima likiwa na joto?"

Lile lilikuwa swali la Bwana Mutua, limetoka kwenye kinywa cha mtu asiyewahi kushika mita. Kulikuwa na jibu moja la neno moja, na nililijua. Nikasema, "Nililipima, na namba zilikuwa sawa."

Hakuna hata neno moja la uongo humo. Ndiyo sababu naona haya zaidi. Sista akapewa barua ya onyo kwa kumtoa mgonjwa bila ruhusa, na wiki haikuisha, akaomba kuacha kazi.

Swali lake halikuniacha. Siku ya nane baada ya yeye kuondoka nilirudi kituoni kwa kisingizio cha kutia mafuta magurudumu ya sanduku. Nilikuja na kipimajoto changu kizuri cha zebaki, nikakilaza ndani, nikaliweka thelathini na tano, nikangoja. Namba ya kioo ikapanda taratibu, ikafika thelathini na tano, ikatulia. Zebaki ilikuwa kwenye thelathini na nane.

Nikafungua chini. Safari hii sikuweka mita kati ya ncha mbili. Nilipima kila ncha peke yake dhidi ya ardhi, jambo ambalo nawaomba mlifanye kila siku ya maisha yenu. Ncha ya chini ilikuwa inakwenda vizuri. Ya juu ilikuwa imekwama kwenye volti tatu, imegonga dari ya ile chipu, haiendi. Mpaka thelathini na mbili mashine ilisema kweli. Kuanzia hapo ncha moja tu ndiyo iliyokuwa inatembea, kwa hivyo kila nyuzi mbili zilizopanda, mashine ilihesabu moja. Ilikuwa inadhani hewa bado haijafika, ikazidi kuwasha moto juu ya mtoto. Siku ile ya Ijumaa, kama ningepima ncha ya juu peke yake, ningekuta iko volti mbili nukta tisa sita, imekaribia kugusa dari. Kazi ya sekunde kumi.

Nikavuta ule waya. Saa moja kamili, kama nilivyokadiria. Volteji ya katikati ikakaa moja na nusu. Nikapima chini, nikapima kati, nikapima juu, kioo na zebaki vikaenda pamoja kama ndugu. Nilikuwa nafunga skrubu ya mwisho msimamizi alipopita.

"Kuna tatizo, Fundi?"

"Hakuna, bosi. Nafanya usafi tu."

Mlango ulikuwa wazi, yeye amesimama, hapakuwa na mtu mwingine. Ningesema tu, "Nilikosea, na Sista alikuwa sahihi." Nilifikiria karakana. Nilifikiria hoteli zikisikia kwamba Fundi karibu achome mtoto. Nilifikiria jina. Nikajipangusa mikono, nikaaga. Nilijiambia Sista Mejumaa ni muuguzi mzuri, atapata kazi kwingine, na kwamba mtoto alipona, kwa hivyo hakuna aliyeumia. Maneno hayo nilijiambia miaka mingi, na kila mwaka nilihitaji kuyasema kwa sauti kubwa zaidi.

Kituo kikafungwa. Nikastaafu. Nikaitwa chuoni, nikapigiwa makofi. Wiki iliyofuata, nikapata habari kwa mtu wa sokoni kwamba Sista Mejumaa yuko kwao Mkongani analima, nikaenda.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikapiga hodi kwa mbali. Aliinua macho, akanitambua pale pale, akasimama akajikung'uta leso.

"Shikamoo, Fundi."

Kuitikia ile marahaba kulikuwa kazi nzito kuliko zote nilizowahi kufanya. Akanipa kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, kama ada ilivyo, na mimi namjibu. Kisha nikamwambia yote. Ile njia ya shaba, swala ya Ijumaa, kipimajoto cha ukutani, zebaki. Nilimweleza hata habari ya ncha kugonga dari, sijui kwa nini, labda kwa sababu hapo tu ndipo nilipokuwa na maneno.

Alisikiliza akiendelea kupukuchua. Nilipomaliza, mikono ikasimama.

"Ulijua lini?"

"Siku nane baada ya wewe kuondoka."

"Siku nane," akasema. "Fundi, unadhani ni ile barua iliyonitoa. Ile ilikuwa onyo tu, ningekaa nayo. Nilijitoa mwenyewe. Wiki ile ile alikuja mtoto mwingine, nikamwekea mkono nikahisi ana joto. Halafu nikajiuliza, ni joto, ama ni maji ya baridi? Nikamwita mwenzangu aje aguse yeye. Kesho yake tena. Muuguzi asiyeujua mkono wake anafanya nini wodini?"

"Mkono wako ulikuwa sahihi, Sista. Siku ile na siku zote."

"Unaniambia leo."

Nikamwambia nitamwandikia msimamizi, nitaandika kila kitu, nitatia sahihi. Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Kituo kimefungwa, yeye mwenyewe alishahama. Barua utampelekea nani?"

Nilianza kulia, mzee wa umri wangu, nikamwomba anisamehe kwa ajili ya Mungu. Akasema ameshasamehe, na nadhani alisema kweli, lakini hakunitazama aliposema.

Bado nilikuwa pale mwanamke mmoja jirani alipobisha hodi, mtoto wa kama miezi sita yuko mgongoni kwenye leso. Alionekana amechoka. "Dada Mejumaa, nimeambiwa ulikuwa sista," akasema. "Huyu amelia tangu alfajiri. Hebu niwekee mkono, unionee kama ana homa."

Sista Mejumaa alisimama. Mkono wake wa kulia uliinuka, mgongo wa mkono umeelekea mbele, vidole vimelegea, namna ile ile niliyoiona wodini. Ukafika karibu kabisa na kifua cha mtoto. Nilikuwa namwomba Mungu augusishe.

Mkono ukasimama hapo, kisha ukarudi, akaufutia kwenye leso yake.

"Mpeleke zahanati," akamwambia yule mwanamke. "Wana kipimajoto."

Kutoka pale mpaka zahanati ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na jua lilikuwa la utosini. Mwanamke akamkaza mtoto mgongoni, akatushukuru sote wawili, akaenda.